Nani Kashika Mizani? Picha za Watu wa Kazi Mkoani Mara

Andika neno "Mara" kwenye simu yako kisha utafute picha. Utaletewa nyumbu wanavuka mto na mamba wanawasubiri. Ukiandika "Butiama" atakuja Mwalimu Nyerere, na fimbo yake au na jembe. Ukiandika "Musoma" utapata ziwa saa ya machweo na mawe makubwa yaliyobebana. Ni picha nzuri, sina ugomvi nazo. Ila mtu akizitazama zote bila kuwahi kufika kwetu, ataamini kwamba mkoa huu una wanyama, ziwa na mtu mmoja tu.

Sasa jiulize: mama anayeanika dagaa Mwigobero yuko wapi? Baria aliyelala mtumbwini usiku kucha kwa ajili ya karabai za tajiri yuko wapi? Wale waliokuwa wakiingia zamu ya usiku kiwanda cha nguo cha Musoma, Mutex, kina nani? Waliovuna pamba Bunda, waliochimba dhahabu Kiabakari na Buhemba, nyuso zao zimehifadhiwa na nani? Mimi ni mwandishi wa habari. Kila nikitafuta picha ya kuambatanisha na habari ya kihistoria ya mkoa huu nakutana na ukuta uleule: viongozi wamejaa, wafanyakazi hawapo. Au wapo, lakini hawana majina.

Hilo la majina ndilo ninalotaka tuliangalie. Naamini historia ya picha za watu wa kazi wa Mara, tangu Mjerumani mpaka leo, ni historia ya maandishi yaliyowekwa chini ya picha kuliko picha zenyewe.

Tuanze na Mjerumani. Mwaka 1910 afisa wa jeshi, Max Weiss, alichapisha Berlin kitabu kinene kuhusu makabila ya kaskazini ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ardhi ambayo Mara ya leo ni sehemu yake. Kichwa cha kitabu chenyewe kinakueleza jicho lililokuwa nyuma ya kamera: makabila. Huo ndio uliokuwa mtindo wa zama zile. Mtu alisimamishwa mbele ya lenzi awe kielelezo cha kabila, kama kipepeo kilichochomwa pini ubaoni. Kama alikuwa mhunzi, mvuvi au mpagazi, ilikuwa habari ya ziada. Jina lake halikuhitajika kabisa, kwa sababu kielelezo hakina jina, kina aina.

Cha ajabu ni kwamba serikali hizohizo za kikoloni zilijua sana kuandika majina pale zilipotaka. Kodi ya kichwa haikukusanywa kwa makabila, ilikusanywa kwa majina. Kibarua Tanganyika alikuwa na kipande, karatasi yenye nafasi thelathini za siku za kazi, kila siku ikitiwa alama mpaka mkataba uishe. Basi mfanyakazi yuleyule alikuwa na jina bila sura kwenye kipande, na sura bila jina kwenye kitabu. Vitu hivyo viwili havikukutanishwa, na hakuna aliyeona sababu ya kuvikutanisha.

Wakafuata wamisionari. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na mapadri wa Maryknoll, nao wa Marekani, wakaingia Musoma mwaka 1946. Hawa walikuja na kamera na walikuwa na sababu nzuri ya kuzitumia: waumini wa kwao waliokuwa wakichangia misheni walitaka kuona fedha zao zinafanya nini. Kwa hiyo majarida na makabati ya misheni yamebeba picha nyingi za maisha ya kawaida ya Mara kuliko ofisi yoyote ya serikali: mafundi wanaojenga, wauguzi, watoto wa shule, wanawake kisimani. Tuwashukuru kwa hilo. Lakini picha inayotumwa kwa mchangiaji ina kazi yake maalumu. Lazima ionyeshe hitaji, na pembeni ya hitaji iweke msaada. Fundi mwashi aliyejenga kanisa kwa mikono yake anageuka kuwa mtu aliyejengewa.

Wakati huohuo kazi zenyewe zilikuwa zinabadilisha nchi. Kiabakari na Buhemba kulikuwa na migodi ya dhahabu enzi za Mwingereza, na vijana wa vijiji vya jirani walijifunza huko maana ya kengele, zamu na mshahara. Upande wa Bunda na kanda ya ziwa yote, pamba ilikuwa imeingia mpaka uani kwa mtu. Na hapa kuna kisa kimoja ambacho, msomaji, nakuomba ukishike, maana nitakirudia.

Wakulima wa pamba wa miaka ya 1940 na 1950 walikuwa wanauza kwa wafanyabiashara walioweka mizani yao wenyewe. Mkulima anafika na mzigo, anaambiwa uzito, anapewa hela, anaondoka. Wengi waliamini wanapunjwa, na hawakuwa na namna ya kuthibitisha. Jibu lao halikuwa kuvunja mizani, wala hawakuacha kulima. Walidai mpimaji wao, mtu wanayemwamini, asimame pale kwenye mizani. Kutoka kwenye madai hayo vilikua vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani, na likawa moja ya mashirika makubwa ya wakulima Waafrika barani. Chanzo chake ni swali dogo tu: nani kashika mizani?

Uhuru ulipokuja, mfanyakazi na mkulima walipandishwa daraja, angalau kwenye lugha. Azimio la Arusha la 1967 liliwaweka katikati ya nchi. Oktoba mwaka huohuo Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono azimio hilo. Jembe na nyundo vikawa alama, na tangu 1977 vipo kwenye bendera ya CCM. Mwaka 1974 halmashauri kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, ambalo pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote lilitaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Yaani mji wetu umeipa historia ya nchi wazo kwamba kazi ya mikono ni sehemu ya elimu ya msomi. Si jambo dogo.

Picha za zama zile zinajulikana. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo picha ya gazetini ndiyo iliyokuwa macho ya taifa. Rais kashika jembe, rais kabeba tofali, rais shambani Butiama na wanakijiji. Nazipenda picha hizi, na sidhani zilikuwa maigizo: yule mzee alilima kweli, hata baada ya kustaafu mwaka 1985. Lakini soma maelezo ya kawaida ya picha za aina hii. Anatajwa Rais, anatajwa mkuu wa mkoa, anatajwa katibu wa chama, kisha inaandikwa: "pamoja na wananchi". Wananchi! Neno zuri, lenye heshima, linalofunika watu thelathini kwa mpigo kama turubai.

Ukienda Butiama leo, kwenye makumbusho ya Mwalimu yaliyofunguliwa Julai 1999, miezi mitatu tu kabla hajafariki, utaona vitu vyake na picha zake za safari ndefu ya siasa. Ni makumbusho yake, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Nilichokifanya mara ya mwisho nilipokwenda ni kujizoeza kutazama kando ya picha badala ya katikati. Kando ndiko waliko watu wa kazi. Kuna mtu anacheka kwa kitu ambacho hatukioni. Kuna mwanamke kafunga kitambaa kichwani, anamtazama mpiga picha na si kiongozi, kama anayeuliza: na wewe unafanya nini hapo? Niliondoka nikijiuliza kama wapo wajukuu mahali fulani, Kiabakari au Nyamuswa, wasiojua kwamba bibi yao yupo kwenye picha ile.

Haikuwa lazima iwe hivi. Duniani wapo waliojaribu njia nyingine. Mmarekani Lewis Hine alianza mwaka 1908 kupiga picha watoto waliokuwa wakifanya kazi viwandani na migodini, kwa niaba ya kamati iliyopinga ajira hiyo. Wenye viwanda hawakumtaka, kwa hiyo aliingia kwa hila, mara akijifanya muuza Biblia, mara mkaguzi. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni ukiandika kwa siri: jina la mtoto, umri, saa za kazi, ujira. Kimo cha mtoto alikipima kwa vifungo vya koti lake. Kwa Hine picha bila maandishi ilikuwa nusu ya ushahidi. Ndiyo maana hadi leo watafiti wanaweza kuchukua picha yake moja, wakaanza na jina, wakafika kwa wajukuu wa yule mtoto.

Mlinganishe na Sebastião Salgado wa Brazil, aliyefariki Mei 2025. Salgado alikuwa mchumi kabla hajashika kamera, na Afrika Mashariki aliijua. Mwaka 1994 alikuwa kambi ya wakimbizi ya Benako kule Ngara, ng'ambo ya ziwa letu. Picha zake za mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada za mwaka 1986, maelfu ya wanaume wamejaa tope wakipanda ngazi na viroba mgongoni, huwezi kuzisahau ukishaziona. Ukiwahi kuona wachimbaji wadogo wa Buhemba wakitoka shimoni na mifuko ya mawe, utashtuka kwa kufanana. Lakini wale wa Serra Pelada wamekuwa kama mchoro wa Biblia. Ni wakubwa kuliko maisha, na hakuna anayeitwa jina. Wapo waliomlaumu Salgado kwa kuufanya umasikini kuwa mzuri mno. Mimi sina shida na uzuri. Watu wa kazi nao wanastahili mwanga mzuri. Ninachouliza ni kama aliyepigwa anaweza kusema, "Huyu ni mimi."

Na hapa ndipo tunapofika mahali ambapo watu wa Musoma walijipigia wenyewe: studio.

Mzee mmoja aliyekuwa na studio Nyasho miaka ya 1980 aliniambia kwamba siku yake ya hela ilikuwa mwisho wa mwezi, mishahara ya kiwandani ikishatoka. "Walikuja wameoga, wamevaa, hutajua kama ni walewale wa mashine," alisema. Nyuma aliweka pazia lenye mchoro wa minazi na ndege, na saa ya mkononi ya kuazima kwa asiyekuwa nayo. Picha alisafisha mwenyewe usiku kwenye chumba cha giza. Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kupiga akiwa na nguo za kazi. Akafikiri. "Mmoja. Alitaka kumtumia mama yake aamini kwamba ameajiriwa."

Msomi anaweza kusema picha za studio si kumbukumbu za maisha halisi kwa sababu kila mtu kajipamba. Sikubaliani naye. Mtu anayesuka uzi kwa masaa nane, vumbi la pamba kifuani, akaamua kutumia sehemu ya mshahara wake kuonekana hivi na si vile, ametuachia ushahidi wa jambo ambalo mpiga picha wa gazeti asingelipata kamwe: alivyotaka kukumbukwa. Na tazama mgongoni mwa picha. Kwa kalamu ya wino kumeandikwa jina, tarehe, pengine "kwa ukumbusho wa rafiki yangu mpendwa". Picha za Mara zenye majina, kwa kiasi kikubwa, ziko kwenye albamu hizi, sebuleni, chini ya kitambaa cha kufuma.

Kisha akaja sangara. Alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akala furu, akanenepa, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimeota kandokando ya ziwa, Musoma ikiwemo. Minofu ilikwenda Ulaya. Waliobaki huku walipata vichwa na mifupa, mapanki, na kwenye mapanki kukazaliwa kazi nyingine nyingi: wakaangaji, wachuuzi, wapasua kuni. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa vipindi kati ya 1997 na 1999, watu walijifunza kwamba mlo wa jioni Nyasho unaweza kuamuliwa Brussels.

Hadithi hiyo ndiyo Hubert Sauper, mwongozaji kutoka Austria, aliyoikuta Mwanza na kuitengenezea filamu ya *Darwin's Nightmare*, iliyotoka mwaka 2004. Filamu ilishinda tuzo Ulaya na kuteuliwa kwenye Oscar. Humo wapo walinzi, makahaba, watoto wa mitaani, marubani wa ndege za minofu, na mapanki yakianikwa matopeni. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, bungeni ikapingwa, na mwandishi wa habari Mtanzania aliyeonekana ndani yake akajikuta matatani. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu kizima kuishambulia, Sauper akamshtaki kwa kashfa, na mwaka 2008 mahakama ikampa Sauper ushindi.

Ubishi wote ule, ukiufuatilia, ulikuwa juu ya vitu viwili: je, ndege zilileta silaha, na je, mapanki ni chakula cha watu au cha mifugo? Serikali ilisema nchi imechafuliwa. Wapenzi wa filamu walisema ukweli umefichuliwa. Nilichokikosa mimi ni sauti ya mkaanga mapanki. Kwa mtu wa kando ya ziwa mapanki hayakuwa siri wala aibu ya taifa, yalikuwa mboga na mtaji. Swali lake, kama angeulizwa, lingekuwa la bei: kwa nini kichwa cha samaki niliyemvua mwenyewe kinanishinda kununua? Filamu ilimwonyesha kama jehanamu, rais akamwonyesha kama uzushi. Pande zote mbili zilikuwa zinapima uzito wake, na hakuna aliyemwita asimame kwenye mizani.

Ndiyo maana nilikuomba ushike kile kisa cha pamba. Naona watu wengi siku hizi wanakimbilia jibu jepesi: wageni wasitupige picha, au tuonyeshe mazuri tu. Hilo ni kuvunja mizani. Wakulima wa kanda ya ziwa walikuwa na akili kuliko hivyo. Walijua mizani inahitajika, na kwamba bila kipimo mnyonge ndiye anayeumia zaidi. Viwanda vya minofu vinapopunguza watu, mtambo unaposimama, ziwa linapofungwa kwa msimu, kijiji kinapohamishwa kupisha hifadhi kama ilivyotokea Nyatwali, Bunda, picha ndiyo inayoweza kusema: walikuwepo, walifanya kazi hapa, hivi ndivyo palivyokuwa. Asiye na picha huambiwa kwa urahisi kwamba palikuwa pori.

Utasema sasa kila mtu ana simu, tatizo limekwisha. Kweli, baria wa leo anajirekodi akivuta nyavu na kuweka mtandaoni kabla hajafika mwaloni. Mzee wa Nyasho alifunga studio kwa sababu hiyohiyo. Lakini simu ikitumbukia majini, miaka mitatu ya maisha inazama nayo. Na zile albamu za kina mama zetu zinaliwa na mchwa na unyevu wa ziwa. Hasi za yule mzee, aliniambia bila huzuni yoyote, zilichomwa alipohama chumba, kwa sababu hakuna aliyezitaka na zilikuwa zinachukua nafasi ya magunia. Sijui kule ndani kulikuwa na nyuso ngapi za zamu ya usiku.

Jirani zetu wanatuonyesha kwamba inawezekana. Zanzibar, picha za Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, bado zinatazamwa na zinasimulia mji mzima, kwa sababu tu zilitunzwa na familia. Musoma haihitaji jengo la makumbusho ili ianze. Inahitaji maktaba moja yenye mashine ya kunakili picha, na vijana wachache wenye subira ya kukaa na bibi, kufungua albamu na kuuliza: huyu nani, alikuwa anafanya kazi gani, alilipwa ngapi? Maswali yaleyale ya Lewis Hine, ila safari hii bila kujificha mfukoni, na anayejibu ndiye mwenye picha.

Wewe unayesoma hapa, kama kwenu ni Makoko, Iringo, Kibara, Kiabakari au kokote kwenye mkoa huu, unaweza kuanza kabla ya maktaba. Uliza wazee wangali hai. Tumia penseli laini, maana wino wa peni hupenya na kuharibu picha. Andika jina kamili, si "baba na rafiki zake". Huyo rafiki naye alikuwa na kwao.